Jarome Iginla na Misimu Ishirini Barafuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jarome Iginla ni nani?

Jarome Iginla ni mchezaji mstaafu wa hoki ya barafuni kutoka Kanada. Alicheza winga ya kulia katika NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, na kwa karibu miaka kumi alikuwa nahodha wa Calgary Flames. Alizaliwa Edmonton, jimbo la Alberta, tarehe 1 Julai 1977, akakulia St. Albert, mji ulio jirani kabisa na Edmonton. Baba yake ni Myoruba wa Nigeria aliyehamia Kanada akiwa na umri wa miaka 18, akaacha kutumia jina la Adekunle na kujiita Elvis, kisha akasomea sheria na kuwa wakili. Mama yake ni Mmarekani aliyefanya kazi ya tiba kwa njia ya muziki. Kwa Kiyoruba, Iginla maana yake ni mti mkubwa, na jina hilo halikumpwaya, kwa kuwa alikuwa mtu wa mita 1.85 na kilo zipatazo 95 ambaye mabeki wengi walishindwa kumwondoa mbele ya lango.

Sijawahi kutazama hoki ya barafuni. Nijue nini kwanza ili niielewe safari yake?

Kila timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwamo, na mechi huchezwa vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira wa duara hutumika kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Kinachomshangaza zaidi mtu aliyezoea kandanda ni kwamba wachezaji hubadilishana huku mchezo ukiendelea: mtu huingia, hukimbia kwa nguvu zake zote kwa takriban sekunde 45, kisha huruka ukuta na kurudi benchi huku mwenzake akiingia. Kipindi hicho kifupi ndicho tutakachokiita zamu katika majibu yanayofuata, na msomaji akikumbuke, kwa sababu zamu moja ya mwaka 2004 imeelezwa hapa kwa kirefu.

Pointi za mchezaji ni jumla ya mabao aliyofunga na pasi za mabao alizotoa, na kila kimoja huhesabiwa pointi moja. Mtoa pasi, kwa hiyo, hapunjwi kama anavyopunjwa katika michezo mingine.

Aliingiaje katika mchezo ambao watu weusi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole?

Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo sana, na babu na bibi wa upande wa mama wakawa nguzo ya malezi yake. Babu ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha mazoezini katika baridi ya Alberta, kazi ambayo mzazi yeyote wa mtoto anayecheza hoki huijua, kwa sababu viwanja hupatikana alfajiri na vifaa hujaza buti la gari. Alianza akiwa na umri wa miaka saba, na miaka miwili ya mwanzo alisimama langoni. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Kipa wa Edmonton Oilers, timu ya nyumbani iliyokuwa ikilichukua Kombe la Stanley, taji la bingwa wa NHL, karibu kila mwaka katika miaka ya 1980, alikuwa Grant Fuhr, mtu mweusi.

Iginla ameeleza kwamba watoto wenzake walikuwa wakimuuliza anajisumbulia nini ilhali NHL haina watu weusi, naye alikuwa na jibu lililo hai, linaloonekana kwenye televisheni kila wiki. Kabla ya Fuhr alikuwapo Willie O'Ree, aliyekuwa mweusi wa kwanza kucheza katika NHL alipoingia barafuni na Boston Bruins tarehe 18 Januari 1958. Lakini kwa mtoto wa miaka saba historia ya 1958 ni hadithi ya wazee, na kipa aliyeko mjini kwake ni jambo jingine kabisa.

Alikuwa pia hodari wa besiboli, akicheza nafasi ya mdakaji hadi timu ya taifa ya vijana ya Kanada. Hoki ndiyo iliyomchukua.

Ni kweli kwamba Calgary hawakumchagua wao?

Ni kweli. Katika NHL kijana hajichagulii timu: kila mwaka timu hupanga foleni na kuchagua vijana mmoja mmoja, na aliyechaguliwa huwa mali ya timu hiyo. Mwaka 1995 Iginla alichaguliwa na Dallas Stars akiwa wa 11, baada ya kutwaa mara mbili mfululizo, 1994 na 1995, Kombe la Memorial la vilabu vya vijana akiwa na Kamloops Blazers wa British Columbia. Desemba mwaka huohuo Dallas walimtoa, pamoja na Corey Millen, ili wampate Joe Nieuwendyk, nyota wa Calgary aliyekuwa akivutana na klabu yake kuhusu mkataba.

Mashabiki wa Calgary hawakufurahi, na haikuwa vigumu kuwaelewa, kwani walikuwa wamempoteza mfungaji mzoefu na kupewa mvulana wa miaka 18. Lakini mvulana huyo alimaliza msimu wa mwisho Kamloops akiwa na mabao 63 katika mechi 63. Timu yake ya vijana ilipotolewa mashindanoni, alipandishwa ndege na kuingizwa moja kwa moja katika mechi za mtoano za NHL dhidi ya Chicago Blackhawks, Aprili 1996. Alicheza mechi mbili, akatoa pasi moja ya bao na kufunga bao moja.

Upande wa pili wa biashara ile nao ulilipa. Nieuwendyk alitwaa Kombe la Stanley na Dallas mwaka 1999 na kutangazwa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Ni nadra kuona mabadilishano ambayo hakuna aliyelia, ingawa kombe lilikwenda upande mmoja tu.

Alifikia kilele lini?

Msimu wa 2001–02. Alifunga mabao 52 na kukusanya pointi 96, akawa kinara wa ligi kwa vyote viwili, na kwa hiyo akabeba tuzo ya Art Ross ya pointi na ya Maurice Richard ya mabao. Wachezaji wenzake walimpigia kura ya mchezaji bora, wakampa tuzo ya Lester B. Pearson. Tuzo ya Hart, ambayo hupigiwa kura na waandishi, aliikosa kwa namna inayouma hadi leo: yeye na José Théodore, kipa wa Montreal Canadiens, walifungana kwa alama, na tuzo ikaenda kwa Théodore kwa kuwa alikuwa na kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza.

Katikati ya msimu huohuo, Februari 2002, alikwenda Salt Lake City na timu ya taifa. Kanada ilikuwa haijapata dhahabu ya hoki ya wanaume katika Olimpiki tangu 1952. Katika fainali waliifunga Marekani 5–2, na mawili kati ya mabao hayo yalikuwa ya Iginla, ambaye akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Siku chache kabla yake Mmarekani Vonetta Flowers alikuwa ameshinda dhahabu ya kuteleza kwa sileji, akiwa mtu mweusi wa kwanza kabisa kufanya hivyo, na ndiyo maana neno «mwanamume» halipaswi kuachwa katika sentensi iliyotangulia.

Kuna kisa kidogo cha siku hizohizo. Iginla alikutana na mashabiki wanne waliosafiri kutoka Calgary bila kupata pa kulala, wakawa wanalala ndani ya gari lao. Aliwakatia vyumba katika hoteli ambayo familia yake ilifikia, akalipa mwenyewe.

Je, alikuwa nahodha wa kwanza mweusi katika NHL?

Sentensi hiyo imeandikwa mara nyingi tangu alipokabidhiwa unahodha mwaka 2003, lakini ina ubishi. Dirk Graham, ambaye pia ana asili ya Kiafrika, alikuwa nahodha wa Chicago Blackhawks tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Anayetaka kuwa mwangalifu atasema kwamba Iginla ni miongoni mwa wa kwanza, na kwamba hakuna nahodha mweusi aliyedumu na kung'ara kama yeye.

Lililo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni namna alivyoupata. Nahodha aliyekuwapo, Craig Conroy, ambaye alikuwa senta wa safu moja ya ushambuliaji naye na mtoaji mkuu wa pasi zake, aliiachia herufi ya unahodha kwa hiari yake ili ishonwe kwenye jezi ya Iginla.

Mwaka 2004 ulitokea nini hasa?

Flames walikuwa hawajacheza mechi za mtoano tangu zile za 1996. Hakuna aliyewapa nafasi. Waliitoa Vancouver, wakaitoa Detroit, wakaitoa San Jose, zote zikiwa zimemaliza vinara wa divisheni zao, yaani makundi ya ligi, na Calgary nzima ikavaa nyekundu. Iginla alifunga mabao 13 katika mechi 26, mengi kuliko mchezaji yeyote mwaka ule.

Fainali ilikuwa dhidi ya Tampa Bay Lightning, mshindi akiwa wa kwanza kufikisha ushindi mara nne. Katika mechi ya tatu alipigana ngumi na Vincent Lecavalier, nyota wa Tampa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwani kwa desturi nyota huachiwa wababe wawapiganie. Mechi hiyo Calgary walishinda 3–0.

Ila kinachokumbukwa zaidi ni mechi ya tano, Tampa, tarehe 3 Juni. Matokeo ni 2–2, muda wa nyongeza unayoyoma, na bao lolote ndilo la mwisho. Iginla ameingia barafuni na zamu yake imepita kiasi cha kawaida. Mtu mwingine angekwishakwenda benchi. Kofia yake ngumu imevuliwa katika purukushani, naye anaendelea kuteleza kichwa wazi, nywele zimelowa jasho, mapafu yanawaka. Anapigania kisahani ukutani, anakipoteza, anakifuata, anakipata tena. Mwishowe anapata upenyo upande wa kulia na kukipiga kwa nguvu zilizobaki. Kipa Nikolai Khabibulin anakizuia lakini hakidaki, kinaangukia mbele ya lango, na Oleg Saprykin anakisukumia wavuni. Huko Calgary ukisema «Ile Zamu» hakuna atakayekuuliza ni ipi.

Walirudi nyumbani wakihitaji ushindi mmoja tu. Katika mechi ya sita kulitokea shambulizi ambalo kisahani kilimgonga Martin Gélinas mguuni kikaelekea langoni, na hadi leo watu wa Calgary wataapa kwamba kilivuka mstari kabla ya kipa kukizuia. Bao halikutolewa, na Martin St. Louis akaimaliza mechi katika kipindi cha pili cha nyongeza. Mechi ya saba Tampa walishinda 2–1. Msimu uliofuata haukuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji kuhusu mishahara, na timu ile haikupata kurudi tena ikiwa moto uleule.

Alikuwa mpiganaji? Inakuwaje mchezaji mwenye sifa ya ungwana apigane ngumi?

Katika NHL wanaopigana huadhibiwa kwa kukaa nje dakika tano, kisha hurudi kucheza. Si jambo linaloruhusiwa, ila limekuwa na nafasi yake, hasa katika kizazi cha Iginla. Bao moja, pasi moja ya bao na pigano moja katika mechi moja huitwa hat-triki ya Gordie Howe, kwa jina la gwiji wa Detroit, na ile mechi ya tatu dhidi ya Tampa ilikuwa mfano wake kamili. Iginla hakuwa mtu wa kuvizia wala kuumiza watu kwa makusudi. Alipigana ana kwa ana, glavu chini, kisha akaenda kukaa adhabu yake. Msomaji anaweza kuichukia desturi hiyo, na tuliyoyajua baadaye kuhusu majeraha ya ubongo yanampa haki ya kuichukia, lakini bila kuitaja hawezi kueleza kwa nini wachezaji wenzake walimfuata.

Je, yeye ndiye aliyefunga lile bao la dhahabu la Vancouver mwaka 2010?

La, lilifungwa na Sidney Crosby. Iginla ndiye aliyetoa pasi.

Ilikuwa tarehe 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki dhidi ya Marekani, Kanada ikicheza nyumbani. Wamarekani walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 24 tu, ikawa 2–2. Katika dakika ya nane ya muda wa nyongeza Crosby alimwachia Iginla kisahani pembeni, kisha akachomoka kuelekea langoni huku akimwita kwa jina lake la utani: «Iggy!» Iginla alikuwa ameelekeza uso ukutani na beki yu mgongoni mwake. Ameeleza baadaye kwamba alijua kutokana na ukali wa sauti ile kwamba hakuna wakati wa kutazama. Aliisukuma pasi huku akianguka, na Crosby akapitisha kisahani kati ya miguu ya kipa Ryan Miller.

Basi mtu mwenye mabao 625 ya ligi anakumbukwa zaidi kwa matukio mawili ambayo wavuni aliingiza mwingine, Saprykin mwaka 2004 na Crosby mwaka 2010. Sidhani kama ni bahati mbaya. Anayefikiria kwanza jina lake kwenye ubao wa matokeo asingemsikiliza mwenzake akiwa anaanguka.

Kwa wasomaji wa Kenya, Crosby huyu ndiye aliyevaa jezi na kucheza pamoja na Ice Lions wa Nairobi walipoalikwa Toronto mwaka 2018, vijana waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli iliyo Barabara ya Mombasa.

Kwa nini aliondoka Calgary?

Kwa sababu timu ilikuwa inaporomoka, mkataba wake ulikuwa ukingoni, na umri ulikuwa miaka 35 bila Kombe la Stanley. Mkataba ulimpa haki ya kukataa kuhamishwa. Aliilegeza haki hiyo na kutaja timu chache alizokuwa tayari kwenda. Usiku wa tarehe 27 Machi 2013 habari zilienea kwamba amekwenda Boston Bruins, na Boston wenyewe waliamini hivyo. Kulipokaribia kucha ikajulikana kwamba ni Pittsburgh Penguins, yenye Crosby. Miezi miwili baadaye Pittsburgh walikutana na Boston katika nusu fainali wakafungwa mechi nne kwa sifuri, na Iginla hakupata hata pointi moja katika mechi hizo.

Baada ya hapo alisajiliwa na haohao Boston, akafunga mabao 30; akaenda Colorado Avalanche mwaka 2014; na Machi 2017 akamalizia Los Angeles Kings.

Je, aliwahi kulitwaa Kombe la Stanley?

Hakulitwaa. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya huruma ambayo sioni sababu yake. Tazama ratiba: Pittsburgh walilichukua 2009 kabla hajafika, na 2016 na 2017 alipokwisha kuondoka, Boston 2011, Los Angeles 2012 na 2014, Colorado 2022. Kila timu aliyoikimbilia ilishiba ama kabla hajakaa mezani ama baada ya kunawa mikono. Mtu mmoja kati ya sita walioko barafuni, tena kwa theluthi moja tu ya mechi, hawezi kulibeba kombe peke yake. Mwaka 2004 alikaribia kufanya hivyo kuliko wengi waliolibeba.

Takwimu zake za mwisho ni zipi?

Mechi 1,554, mabao 625, pasi za mabao 675, na kwa hiyo pointi 1,300 kamili. Mabao hayo ni sawasawa na ya Joe Sakic, ambaye alikuwa meneja wake Colorado. Akiwa Calgary pekee alicheza mechi 1,219 na kufunga mabao 525, rekodi zote mbili za klabu. Kwa misimu 11 mfululizo iliyochezwa hakushuka chini ya mabao 30. Katika mechi za mtoano alicheza mara 81 na kufunga mabao 37. Hakuna mchezaji mweusi aliyefunga mabao mengi kama yake katika ligi hiyo.

Tangu mwaka 2000 alikuwa akitoa dola 1,000 kwa kila bao kwa KidSport, shirika linalowalipia ada za michezo watoto wa familia zisizojiweza, na baadaye akazifanya 2,000. Hoki ni mchezo ghali, na mtoto wa Calgary asiye na viatu vya barafuni alikuwa na sababu zaidi ya moja ya kumshangilia.

Alistaafu lini, na sasa anafanya nini?

Baada ya kukaa msimu mzima wa 2017–18 bila mkataba, alitangaza kutundika viatu tarehe 30 Julai 2018, na alikwenda kutangazia Calgary. Tarehe 2 Machi 2019 jezi namba 12 ilipandishwa darini katika uwanja wa Flames, isivaliwe tena na mtu. Aliteuliwa kuingia Jumba la Mashuhuri wa Hoki mwaka 2020, mwaka wa kwanza alioruhusiwa kupigiwa kura, lakini kwa sababu ya korona sherehe ilifanyika Novemba 2021. Weusi waliomtangulia humo ni Grant Fuhr, Angela James na Willie O'Ree.

Mwanawe Tij alichaguliwa wa sita mwaka 2024 na timu mpya ya Utah, akiwa kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu hiyo. Iginla mwenyewe ni mmoja wa wamiliki wa Kamloops Blazers, na mwaka 2023 Flames walimrudisha kama mshauri wa meneja mkuu wao mpya. Meneja huyo ni Craig Conroy.